Kikombe cha Tano

"Hivi Shufaa, maziwa ya mtu yana nini cha ajabu hata watu wapimiwe damu kwa ajili yake, na makopo yamejaa dukani?"

Mwanamvua aliuliza hivyo siku moja, amesimama kizingitini anachagua vifuko vya ubuyu wa kuuza kwenye beseni kama anayechagua pete. Yeye ni jirani wa ukuta kwa ukuta, hapo mtaani Dunda, na jambo la nyumba ya pili humfikia kabla halijamaliza kusemwa. Siku hiyo Hafidha, mke wa mtoto wa Bi Shufaa, alikuwa ametoka kupimwa pale kituo cha utafiti. Walimwomba maziwa yake, kijiko tu, wayatazame kwenye mashine zao. Bi Shufaa alicheka, akamwongeza mwenzake kifuko kimoja cha bure, swali likaenda na siku yake.

Sasa lilikuwa limerudi, na safari hii hapakuwa na wa kucheka.

Binti yake, Esha, alikuwa amelazwa hospitali. Kifafa cha mimba kilimkamata mimba ikiwa ya miezi saba, wakampasua, wakamtoa mtoto wa kike wa kulala kwenye kiganja. Esha mwenyewe alikuwa amevimba uso, anafumbua jicho na kulifumba, kifua chake kikavu kama kisima cha kiangazi. Mumewe, Abdulnasir, yuko barabarani na lori, anaelekea Kongo. Simu yake ukiipata unasikia upepo mwingi kuliko maneno. Aliyebaki kukimbia huku na huku ni Bi Shufaa, mjane wa watu, na magoti yake yale.

Walijaribu maziwa ya kopo. Tumbo la mtoto likajaa, likang'aa kama ngoma iliyotoka kuwambwa, na kupitia mpira wa kulishia waliompitisha puani kikarudi kitu cha kijani. Wakayasimamisha. Wakamwachia dripu.

"Bibi wa mtoto wa Esha!" nesi aliita kutoka mlangoni mwa chumba cha njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Bi Shufaa aliinuka kwenye benchi, akaenda na viatu.

"Viatu, bibi! Nimesema mara ngapi?"

Alirudi akavivua. Watu wa kwenye benchi walimtazama, naye akavibeba mkononi kwa vile hakujua aviweke wapi, akasimama navyo mbele ya nesi kama mtoto aliyechelewa shule.

"Kopo halimfai mtoto wenu," nesi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imelainika. "Dripu peke yake haitamfikisha mbali. Mama yake hana maziwa, na kwa dawa anazotumia hatuwezi kumsubiri. Kwenye ukoo wenu yupo mwanamke anayenyonyesha? Mzima, awe tayari kupimwa?"

"Yupo," Bi Shufaa alisema palepale. "Mkwe wangu, Hafidha, ananyonyesha. Ameshapimwa hata..."

Ulimi ukamsimamia. Alikuwa amekumbuka akika ya Najim.

"Hata nini, bibi?"

"Hata vipimo vyake viko kituoni kwenu huko. Nakwenda kumwambia."

Alitoka akivaa viatu huku anatembea, kimoja kikamponyoka kwenye ngazi, akakirudia.

*

Najim ni mtoto wa Hafidha na Mikdad, mjukuu wa kiume wa kwanza wa nyumba ile. Siku ya akika yake, watu wameshiba pilau, Mzee Mwinshehe aliinuka akasema maneno yake mbele ya jamaa. Huyo ni kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bi Shufaa, na ndiye aliyebaki kuwa baba wa wote. Alisema Esha ana mimba. Mungu akimjalia mtoto wa kike, basi mke wa Najim keshapatikana. Shamba la Mapinga alilowaachia marehemu fungu moja lingekwenda na Mikdad, jingine na Esha, kisha mwisho wake ni kuingia wageni kutoka Dar na kuta zao za matofali. Wajukuu wakioana, shamba litabaki na mtu mmoja. Watu walisema inshallah. Fatiha ikasomwa. Mzee Mwinshehe alilia siku ile, kweli alilia, na tangu hapo akawa anamwita yule mtoto bwana harusi.

Na watu wa pwani wote wanaijua sheria hii hata wasiojua kusoma: watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani mpaka Kiyama.

Bi Shufaa alipofika nyumbani alimkuta mzee keshakalia kiti, amevaa kanzu yake ya kutokea. Mikdad alikuwa pembeni, na mavazi ya kazi; yeye huchomelea madirisha ya watu huko Mapinga, na alikuwa amerudi kwa kuitwa. Hafidha yuko kwenye mkeka, anamnyonyesha Najim chini ya kanga. Nani alimtangulia na habari, Bi Shufaa hakuuliza. Watu wa kwenye benchi walikuwa na simu, na ukuta wa Mwanamvua ulikuwa palepale.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nasikia mnataka kuniulia bwana harusi."

"Hakuna anayeuliwa, shemeji. Anayekufa yuko hospitali."

"Hospitali kuna madaktari. Kama kopo hili halipatani naye, yako makopo mengine. Nitatoa mwenyewe hela, nitume mtu Dar akalete la bei kubwa. Nani kasema sina huruma?"

"Nesi amesema kopo..."

"Nesi!" Mzee alimgeukia Mikdad. "Baba yako angekuwa hai, angetawaliwa na nesi?"

Mikdad alikwaruza doa la rangi kwenye kidole chake. Hafidha alimhamisha mtoto upande wa pili. Hakuna aliyemtazama, ingawa maneno yote yalikuwa juu ya kifua chake.

Hapo ikasikika hodi. Mlango wa nyumba ile una tabia mbaya, upepo wa baharini ukipita unaupiga wenyewe, na ulimpiga mgeni begani kabla hajakaribishwa. Alikuwa Dokta Lulu, binti mwembamba wa kituo cha utafiti, na lile sanduku lake la barafu. Ilikuwa siku yake ya kuchukua kijiko cha maziwa.

"Shikamooni. Nimekuja wakati mbaya?"

"Umekuja wakati wenyewe," Bi Shufaa alisema haraka. "Kaa, mwanangu. Waambie hawa. Maziwa ya mtu yana nini ambacho ya kopo hayana?"

"Umeolewa, binti?" Mzee Mwinshehe aliuliza.

"Bado, mzee."

"Haya, tufundishe kunyonyesha."

Mikdad alicheka kidogo, kisha akajutia. Dokta Lulu aliinamisha macho, akayainua. Palikuwa na beseni la ubuyu hapo karibu na mlango, na mfuko wa salfeti ambao Bi Shufaa hutilia vifuko vilivyokwisha kufungwa. Binti yule akaomba ruhusa, akachukua kimoja.

"Mwili wa mtu umejengwa kwa vijumba vidogo mno, haviwezi kuonekana kwa macho. Tunaviita seli. Ndani ya seli mna mifuko. Basi ukuta wa mfuko unabonyea kwa ndani, pale palipobonyea panajifunga, panakatika, panakuwa kifuko. Kisha kingine, na kingine, mpaka ule mfuko mkubwa unajaa vifuko vidogo ndani yake, kama salfeti hii ya mama na ubuyu wake. Umenielewa, mama?"

"Hapo nimeelewa. Halafu?"

"Halafu mfuko mkubwa unavutwa mpaka ukingoni mwa seli. Unagusana na ukuta wa nje, unaungana nao, unafunguka, na vifuko vyote vinamwagika nje. Vipo na vingine visivyopita njia hiyo. Vinachipuka palepale kwenye ngozi ya seli, kama uji unavyotuna mapovu, ila haya hayapasuki. Yanajikata yakaenda zao."

"Na ndani mna ubuyu," mzee alisema.

"Ndani mna maagizo, mzee. Seli haifungi ovyo ovyo, inachagua cha kutia. Zile seli za kinga, askari wa mwili, nazo ndivyo zinavyopelekeana habari. Moja inatoa vifuko, ya mbali inavipokea, inajua: huyu adui, huyu mwenzetu usimguse, sasa basi tulieni. Maziwa ya mama yamejaa vifuko hivyo. Vinavumilia tumbo la mtoto, vinafika utumboni. Sasa utumbo wa njiti bado mbichi, na askari wake ni wageni, hawajui wampige nani. Wanaweza kuugeukia utumbo wenyewe. Ndiyo unavimba, unaoza."

Bi Shufaa aliliona tena akilini lile tumbo linalong'aa.

"Na vifuko hivyo vinawatuliza?"

"Kwa panya tumeona vinasaidia. Kwa watoto wa binadamu bado tunatafuta, mama, sitakudanganya. Ndiyo maana naja kuomba vijiko. Lakini kwamba maziwa ya mama, hata ya mama mwingine, yanawalinda njiti kuliko ya kopo, hilo tumeshalivuka. Ya kopo yamechemshwa, yamekaushwa. Vifuko vingi havifiki vizima."

Mzee Mwinshehe alikuwa amejiinamia, anachezea tasbihi yake. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, na Bi Shufaa akajua mambo yameharibika.

"Binti, Mungu akubariki. Umesema maagizo?"

"Ndiyo, mzee."

"Yanatoka mwilini mwa Hafidha?"

"Ndiyo."

"Yanaingia mwilini mwa mtoto wa Esha, yanakaa, yanaamuru?"

"Kwa namna hiyo, ndiyo."

"Shemeji, umesikia? Sisi tulijua kwa dini kwamba ziwa linafanya undugu. Mwenzetu kaja na mashine kutuhakikishia." Akajipiga paja. "Ahsante sana, dokta. Chukua kijiko chako uende."

Dokta Lulu hakuwa amekuja kwa ajili hiyo, na sasa maneno yake mwenyewe yamesimama njiani kama gogo. Ndipo sauti ikapita juu ya ukuta wa uani, kali, ya mtu aliyekuwa anasikiliza tangu mwanzo.

"Lakini mzee, mpaka mtoto anyonye mara tano! Maalim alisomesha! Chini ya tano hakuna undugu!"

"Mwanamvua!" Bi Shufaa alipaza sauti.

"Mie naanika nguo tu, shoga!"

Mzee Mwinshehe hakukasirika. Alizisogeza punje za tasbihi kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikasimama hapo.

"Hilo amesema kweli," alisema. "Haya. Mimi si katili. Mpeni mara nne. Nne, tumbo lishuke, kisha tumrudishe kwenye kopo zuri. Tano isifike. Shemeji, unasemaje?"

Bi Shufaa alimtazama mjukuu wake wa kiume akikoroma kifuani mwa mama yake, kashiba, jasho la shibe limemtoka puani. Alijua mtoto haponi kwa hesabu ya tasbihi. Lakini pia alijua mlango ukishafunguka, hata kwa upana wa kidole, upepo una kazi yake.

"Tuanze, shemeji," alisema.

*

Cha kwanza alikipeleka yeye mwenyewe baada ya alasiri. Kikombe cha bati chenye kifuniko, amekifunika kwa kanga, amekaa kwenye bajaji amekikumbatia kama aliyebeba kaa la moto. Dereva aliingia kila shimo la barabara.

"Taratibu, mwanangu."

"Una mayai, mama?"

"Nina zaidi ya mayai."

Nesi alipima kwa bomba la sindano, matone ya kuhesabika, akayateremsha kwenye ule mpira wa puani. Bi Shufaa aliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo, bila viatu. Kwa mara ya kwanza hakuona haya ya miguu yake iliyopasuka. Alitazama yale matone yakishuka akawaza vile vifuko visivyoonekana, vimefungwa na nani, kwa kidole gani, na kila kimoja kina neno lake ndani. Alisema subhanallah, akarudia.

Kati ya kwenda na kurudi hakutulia mahali. Akikaa kwa Esha anasikia kama ameitwa chumba cha njiti, akienda anafukuzwa. Alitoka hadi getini, akarudi. Alijaribu namba ya Abdulnasir, ikakata. Alijaribu tena, safari hii ikashika, akamweleza habari ya maziwa ya Hafidha na undugu wake.

"Mama, fanyeni lolote!" Abdulnasir alipiga kelele kutoka ndani ya upepo. "Undugu na uwe undugu, mie namtaka mtoto!" Ikakata.

Cha pili kilikuwa magharibi. Alipotoka hapo alipita madrasa kwa Maalim Abdulazizi, akamkuta anafunga misahafu. Alimuuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia jambo la jirani: je, maziwa yakipita kwenye mpira, si kwa ziwa, yanahesabiwa?

Maalim alimtazama juu ya miwani.

"Kinachofika tumboni kimefika, Bi Shufaa. Puani, mdomoni, ni mamoja."

"Na mtu akijizuia isifike tano?"

"Isipofika, haifungi undugu." Akavua miwani. "Lakini nami nikuulize. Undugu wa kunyonya ni adhabu? Ni nani aliyewaambia watu kwamba ni kitu cha kukikimbia?"

Bi Shufaa alimshukuru akaondoka upesi, maana kikombe cha tatu kilikuwa kinamsubiri baada ya isha, na Hafidha alikuwa ameanza kuishiwa, anakunywa uji wa mtama mpaka tumbo linamsimama, huku Najim analia kwa kunyimwa alichozoea.

"Mama," Hafidha alimwambia wakati anakamua, sauti chini, "mmekaa baraza zima juu ya maziwa haya. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Bi Shufaa aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Ni kweli. Hata yeye.

"Nakuuliza sasa, mwanangu."

"Mie nilikuwa nataka kumpa tangu siku aliyozaliwa. Nilikuwa nasubiri kuulizwa."

Cha nne kiliingia alfajiri. Nesi wa zamu alimwita kwa kidole, na safari hii hakusema chochote juu ya viatu.

"Njoo uone, bibi."

Tumbo lilikuwa limeshuka. Halikung'aa tena. Lilikuwa tumbo la mtoto tu, lina mikunjo laini kama ngozi ya tende, linapanda na kushuka.

"Anayameng'enya," nesi alisema. "Msiache sasa. Tukiacha hapa tunarudi nyuma. Asubuhi hii tunaongeza kidogo, na tuendelee hivyo, kila mara. Sawa?"

"Kila mara," Bi Shufaa alisema.

Alikwenda kwa Esha akamkuta macho wazi. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama, anakunywa?"

"Anakunywa. Ya Hafidha."

Esha alikuwa mtoto wa nyumba ile, hakuhitaji kufafanuliwa. Chozi lilitoka upande mmoja tu, likapotea kwenye mto.

"Basi amepata kaka," alisema.

*

Jua lilikuwa halijapanda vizuri Bi Shufaa aliporudi nyumbani kuchukua cha tano. Hafidha alikuwa ameshakamua. Kikombe kilikuwa juu ya kigoda, kimefunikwa, na kando ya kigoda, kwenye kiti chake, alikuwa Mzee Mwinshehe, tasbihi mkononi. Miguuni pake palikuwa na kopo jipya, la bei kubwa, bado lina utepe wa duka.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nne zimetimia, alhamdulillahi. Nasikia tumbo limeshuka." Alilisogeza kopo kwa ncha ya kiatu. "Hili limetoka Dar usiku huu. Mpelekee nesi."

"Nesi amesema tusiache. Tukiacha tunarudi nyuma."

"Tulikubaliana nne. Wewe ni mtu wa dini, shemeji. Swala tano zote unaswali. Leo unavunja ahadi?"

Hilo lilimchoma. Alisimama pale, mkono kwenye kifundo cha kanga yake, akairudia jana yote kichwani, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Asingeweza kutoka na uwongo mbele ya Mungu wake. Alipolipata neno lenyewe alivuta pumzi.

"Mimi nilisema tuanze. Sikusema tutaishia wapi."

"Ah! Sasa umekuwa wakili."

"Shemeji, nakuheshimu. Ulimzika mume wangu kwa mikono yako, sisahau. Lakini yule mtoto hata jina hana. Siku ya kumpa jina haijafika. Wewe unamtafutia mume?"

"Natafuta shamba lisigawanyike! Natafuta hawa wajukuu wasije wakaomba njia ya kupita kwenye ardhi ya babu yao!" Sauti ya mzee ilipasuka, na kwa muda mfupi alionekana mzee kweli, mtu anayeogopa. "Kila siku nikipita Mapinga naona kibao kipya. Kila siku! Nikifa, nani atalishika?"

"Mungu atajua wa kulishika. Mume akikosekana huyu atapatikana mwingine. Lakini mtoto huyu akienda, hakuna shamba litakalomrudisha."

"Mikdad!" mzee aliita.

Mikdad alikuwa amesimama karibu na mlango na begi lake la kazi, tayari kutoka, hajatoka.

"Naam, baba mkubwa."

"Chukua kikombe hicho ukamwage uani."

Mikdad alikitazama kikombe. Alimtazama mama yake, kisha mkewe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, asubuhi yote ile na ubaridi wake. Hakusogea, na hakukataa. Hilo ndilo lililomuuma Bi Shufaa kuliko yote: mtu mzima, baba wa mtoto, amesimama kama nguzo ya watu kuegemea.

Hafidha aliinuka kutoka kwenye mkeka. Kwenye nyumba ile alikuwa ndiye mdogo wa wote, na tangu alipoolewa hakuwahi kumjibu mzee.

"Baba mkubwa, samahani," alisema, macho chini lakini sauti haitetemeki. "Hicho unachokihesabu kina mwenyewe. Akimwaga hiki nitakamua kingine. Akikimwaga hicho nitakwenda nimnyonyeshe mwenyewe, nesi akinizuia nitalala mlangoni."

Uani, nguo za Mwanamvua zilikuwa zimekoma kupigwa maji.

"Mikdad, mkeo ananijibu?"

"Baba mkubwa..." Mikdad alianza, akashindwa kuendelea.

"Basi nisikilizeni wote." Mzee Mwinshehe aliinuka. Tasbihi ilining'inia kwenye kidole chake. "Nyumba hii ni yangu. Marehemu alikaa kwa undugu, na nyie mmekaa kwa undugu. Mmekaa miaka, sikuwahi kuulizia kodi, sikuwahi kutamka neno hili. Leo nalitamka. Atakayevuka mlango huu na kikombe hicho asirudi kutafuta kitanda chake. Na shamba la Mapinga, hati ninayo mimi, nitaliuza kwa wa kwanza atakayebisha hodi. Nimemaliza."

Najim, aliyekuwa amelala, alijinyoosha akapiga chafya, na kwa mazoea ya nyumba ile Bi Shufaa akasema yarhamukallah kabla hajajua kwamba amesema.

Aliitazama nyumba. Aliona ile dari iliyovuja msimu uliopita, ndoano alipotundika bakora ya mume wake, beseni la ubuyu ambao haujafungwa, pembe ya mkeka anapoweka paji la uso mara tano kwa siku. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio tangu jana, unaruka huku na huku kama kuku aliyefungiwa ndani. Sasa ulikuwa umekaa. Alishangaa kuusikia umekaa.

"Hafidha, chukua mtoto," alisema taratibu. "Mfunge mgongoni. Huko utakamulia kulekule, nesi ana kiti."

"Shemeji, nakuonya."

Bi Shufaa alifungua kifundo cha kanga yake. Mlikuwa na noti mbili zilizokunjwa, tasbihi ndogo ya plastiki, na ufunguo wa nyumba umefungwa kwa uzi mwekundu. Uzi huo aliufunga marehemu kwa mkono wake. Aliufungua uzi, akaurudisha kwenye kifundo. Ufunguo akauweka juu ya kopo la maziwa, miguuni pa mzee, polepole, usije ukalia.

"Shufaa!" mzee alisema, na hakumwita shemeji. "Shufaa, kaa kwanza tuzungumze. Ukikivusha hicho ndiyo basi tena, wale ni ndugu, hata mimi nikifa hakuna wa kulifungua hilo. Unanielewa? Umefikiri?"

Alikiinua kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto la mwili wa mtu. Alikagua kifuniko kwa kidole gumba, akatandika upande wa kanga juu yake, akamwonyesha Hafidha kwa kichwa atangulie. Upepo wa baharini ulipita ukauvuta mlango kwa nguvu, kama ilivyo tabia yake, na hapo Mikdad akaangusha begi lake la kazi, akaruka, akaudaka ule ubao kwa bega kabla haujamfikia mama yake.

Akaushikilia hivyo, wazi kabisa, anatazama chini.

Bi Shufaa alipita mbele yake, akavaa viatu vyake kizingitini bila kushika ukuta. Juu ya ukuta wa uani kichwa cha Mwanamvua kilikuwa kimechomoza, mdomo wazi, swali limeshafika kwenye ulimi.

"Shoga, hicho ni cha ngapi?"

Bi Shufaa alikishika kikombe vizuri, akaenda zake.